Ruaha: Land Rover ya mjomba ilivyonusurika kuwa sufuria

Ukisikia jina Ruaha najua akili yako inakimbilia wapi. Kama siyo tembo wa Hifadhi ya Ruaha kule Iringa, basi ni vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, kwenye ile barabara ya mabasi ya Mbeya. Pole, umeshuka kituo siyo. Ruaha ya safu yetu leo iko wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, na mnyama wake mkubwa ni trekta linalovuta tela la miwa.

Kufika huko hakuna ujanja. Unapanda basi la Ifakara pale stendi ya Magufuli, Mbezi, unapita Chalinze, unapita Morogoro, halafu unaingia ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu inakata katikati ya mbuga kwa karibu kilometa 50. Hapo konda hunyamaza na dereva huwa mpole ghafla, maana kuna vibao vya faini ya kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake. Ukimgonga twiga, basi zima mnaweza kuchangishana mpaka mkauza viatu. Mikumi mjini mnaiacha barabara ya Iringa, mnakata kushoto. Milima ya Vidunda inabaki mkono wa kulia, mnapita Kidodi, miwa inaanza kuwafuata dirishani, na kabla hamjauvuka Mto Ruaha Mkuu, umefika. Ng'ambo ya mto ni Kidatu, na hiyo tayari ni Wilaya ya Kilombero.

MJI WA SPANA

Vijana wengi wa Dar wakishuka Ruaha wanaona vumbi, bodaboda, maduka ya simu na masizi ya miwa iliyochomwa yakidondoka juu ya nguo zilizoanikwa. Wanasema, "Huku hamna kitu." Hawajui wanachokitazama.

Hebu hesabu na mimi. Kuna kiwanda cha sukari, chenye K1 ya Msolwa upande wa Kilombero na K2 ya Ruhembe upande wa Kilosa. Kilikuwa cha umma mpaka mwaka 1998 kilipobinafsishwa kwa Illovo ya Afrika Kusini. Kuna kituo cha umeme cha Kidatu, megawati 204, kilichoanza kazi mwaka 1975, na mitambo yake imefichwa chini ya ardhi ndani ya mwamba. Kisha hapo Kidatu reli mbili zinakutana bila kuungana. Ile ya kutoka Kilosa ina upana wa milimita 1,000 na ya TAZARA ina milimita 1,067. Tofauti ya milimita 67 tu, upana wa vidole vinne, lakini behewa la huku haliwezi kukanyaga kule. Mzigo lazima uhamishwe.

Sasa kiwanda, bwawa, reli mbili na mbuga ya wanyama, vyote vimerundikana sehemu moja. Unategemea nini? Mafundi! Kiwanda kikisimama wakati wa masika, mashine zinafunguliwa zote. Mtoto wa Ruaha anakua akisikia habari za beringi na gasketi kama mtoto wa Kariakoo anavyosikia habari za Simba na Yanga. Wengi wa mafundi wale wamestaafu. Wamekaa barazani na redio zao, mikono yao bado ina alama za moto. Hao ndio sababu ya safari yangu, ingawa mwanzoni nilidhani naifuata gari.

MJOMBA NA MWENYE MIZANI

Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari kwao ni hapo Ruaha, siku hizi anaendesha bodaboda. Mjomba wake alikuwa fundi kiwandani miaka chungu nzima. Kwa kuwa mjomba wa rafiki ni mjomba wako, nami nilimpa shikamoo kama mpwa halali, naye akaniitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye raba zangu nyeupe.

Nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kulikuwa na Land Rover 109 ya Series III, ile bodi ndefu, injini ya petroli. Mjomba aliinunua mnadani ikiwa imechoka, ikitoka shirika moja la umma enzi zile za namba za SU. Akaitumia, ikamlimia maisha. Ikabeba miwa ya mbegu, mabati, mahindi, maharusi na maiti. Kisha injini ikakataa, hela ya spea ikawa ada ya watoto, na gari likasimama. Miaka 11! Kuku walikuwa wanatagia chini ya stelingi.

Mwaka huo akaja mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. Alipoigonga bodi kwa kidole akatabasamu, maana haikuwa chuma, ilikuwa alumini, na alumini bei yake ni nyingine kabisa. Mpango wake ulikuwa rahisi: akate kwa shoka, apime, alipe, aondoke. Hiyo alumini inakwenda kuyeyushwa na kumiminwa sufuria na miko. Watoto wa mjomba walioko mjini walipigiwa simu, wakasema, "Baba, uza." Mjomba akaomba muda mpaka msimu wa kuvuna miwa uanze, mwezi wa Juni. Likiwaka kabla ya hapo, halikatwi. Lisipowaka, mwenye mizani arudi.

Ndugu msomaji, hapo ndipo mchezo ulipoanza. Kati ya Februari na Juni nilikwenda Ruaha mara tatu. Mbio zilikuwa kati yetu na mwenye mizani.

KWA NINI ALUMINI?

Tuvuke bahari kidogo. Mwaka 1947 huko Uingereza, Maurice Wilks, mkuu wa uhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na jeep kuukuu ya Kimarekani iliyobaki vitani, anaitumia shambani kwake. Jeep ikawa inachakaa na spea za shida. Akawaza, kwa nini tusitengeneze ya kwetu? Inasemekana mchoro wa kwanza aliuchora kwa kijiti kwenye mchanga wa ufukweni huko Wales. Aprili 1948 gari likaonyeshwa Amsterdam.

Wakati ule baada ya vita, chuma kilikuwa kwa mgawo, alumini ilikuwepo. Basi chesisi wakaifanya ya chuma, bodi wakaivika alumini. Ndiyo maana Land Rover ya mwaka 1960 unaweza kuikuta porini bodi yake haina kutu wakati Datsun ya juzi imegeuka chujio. Lakini sifa hiyohiyo leo ndiyo inayoziua huku kwetu. Bodi iliyokataa kuoza kwa nusu karne inaishia kupikiwa maharage.

NYUNDO NDIYO DAKTARI

Uzuri wa gari hili ni kwamba limefungwa kwa nati na bolti kama kitanda cha chuma. Boneti linatoka, madigadi yanatoka, milango inachomolewa, sehemu ya nyuma inanyanyuliwa na watu sita walioshiba ugali. Kwa siku mbili mwembe ule uligeuka gereji bubu. Kila nati iliingia kopo lake, kila kopo likaandikwa kwa chaki. Kazi ya chaki alipewa binti wa mjomba, kamaliza kidato cha nne, na mwandiko wake ndio pekee uliosomeka.

Bodi ikishatoka, kinabaki kiunzi: chesisi, injini na magurudumu. Hapo mjomba akachukua nyundo ndogo akaanza kugonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, sikio likiwa karibu, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya kopo la maziwa. Chesisi ya Land Rover ni boksi lenye uwazi ndani, tope linaingia, vitundu vya kutolea maji vinaziba, na kutu inakula kutoka ndani. Nje unaona rangi safi, ndani hamna kitu. Rafiki yangu akasema ni kama wachumba wa mjini. Mjomba akajifanya hajasikia.

Boriti la nyuma kabisa lilikuwa limekwisha, pamoja na mikono miwili inayoshikilia bodi. Kilichooza kikakatwa mpaka kwenye chuma hai, kikachomelewa kipya. Huwezi kubandika bati juu ya kutu kama plasta juu ya jipu.

Kuna jambo moja mjomba alilirudia mpaka likatuchosha: kabla hujasogeza moto wa kuchomelea, toa betri na utoe tangi la petroli. Kwenye gari lile tangi liko chini ya kiti cha dereva, yaani dereva anakalia petroli. Na tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka. Tangi lilipelekwa mbali, nyuma ya banda la mbuzi. Na hakuna aliyeruhusiwa kuingia chini ya gari likiwa juu ya jeki peke yake. Lazima magogo manne ya mti mgumu yawekwe kwanza. Mjomba alifanya kazi kiwandani miaka mingi na ana vidole kumi. Hiyo ndiyo shahada yake.

Pale alumini inapokutana na chuma kuna ugomvi mwingine. Unyevu ukiingia katikati, alumini inageuka unga mweupe kama chokaa. Dawa ni kuvitenganisha. Rangi pande zote mbili, na katikati kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli. Alumini yenyewe huwezi kuichomelea kwa mashine ya kawaida ya uchochoroni, kwa hiyo penye tundu inawekwa kiraka na kupigwa ribiti. Gari likimaliza hapo linakuwa na viraka kama suruali ya mvuvi, lakini haliruhusu mvua.

MOJA, TATU, NNE, MBILI

Injini ya petroli ya 109 hii ina silinda nne, ujazo wa cc 2,286, na haina kompyuta hata ya dawa. Ilikuwa imekwama haizunguki. Plagi zikatolewa, kila silinda ikamiminiwa mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya taa, ikaachwa wiki nzima inywe. Rafiki yangu alikuwa anaamka usiku kuitazama kama mwenye mgonjwa wodini.

Siku ya nane mjomba akachomeka hendeli mbele ya bampa. Msomaji wa leo, hendeli ni kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono. Ina adabu zake. Kidole gumba hakizunguki hendeli, kinalala upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirusha teke la kinyume inavunja mkono. Akasukuma mara ya kwanza, kimya. Mara ya tatu kukasikika mlio mdogo, krrr, na feni ikasogea nusu shibri. Watu wazima tulipiga makofi kwa nusu shibri!

Baada ya hapo kazi ikawa ya subira. Kabureta ikafunguliwa, ndani petroli ya zamani ilikuwa imeganda kama asali iliyoungua, ikasuguliwa kwa mswaki. Breki, ambazo ni za ngoma magurudumu yote manne, zikabadilishwa mipira yote kwenye silinda zake, na spea hizo zilitoka Gerezani, Dar, kwenye begi la konda. Zile pointi za kwenye distribyuta zikasafishwa na kupimwa nafasi yake, kati ya milimita 0.35 na 0.40. Unene wa kadi ya biashara, mjomba anasema.

Binti wa chaki akageuka bingwa hapo. Vidole vyake ni vyembamba na macho yake hayahitaji miwani. Mjomba akamfundisha mpangilio wa moto wa injini ile: moja, tatu, nne, mbili. Waya za plagi zikifungwa kwa mpangilio mwingine, gari linakohoa au halisemi kabisa. Kesho yake ukipita uani unamsikia anapepeta mchele huku anaimba, moja, tatu, nne, mbili.

ASILI AU TOYOTA?

Wapita njia hawakosi ushauri. Kila jioni alikuwepo bwana mmoja na baiskeli yake akisema, "Mzee, tia injini ya Toyota, umalize kesi." Na siyo uongo, Land Rover nyingi za Tanzania zinatembea na moyo wa kuazima, Toyota au Isuzu, na zinakwenda vizuri, tena zinanywa kidogo. Kwa mwenye biashara ni busara, mradi akumbuke kwamba kadi ya gari ina namba ya injini, na injini ikibadilishwa kadi nayo irekebishwe TRA.

Huko Ulaya mambo ni kinyume. Tangu kiwanda cha Solihull kilipotoa Defender ya mwisho ya ukoo ule tarehe 29 Januari 2016, zile za zamani zimekuwa kama dhahabu, na mtu anaweza kutafuta skrubu ya asili mwezi mzima. Hapa kwetu nako wameanza kuamka. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover kwenye tamasha lake, za kila umri, foleni haionekani mwisho.

Jibu la mjomba kwa bwana wa baiskeli lilikuwa fupi. Injini hii anaijua, ile haijui. Ikimharibikia hii mlimani saa nane usiku, ataifungua kwa kurunzi. Akishindwa yeye, binti ataifungua. Injini ambayo hakuna mtu nyumbani anayeijua ni ya fundi, siyo yako.

Hapo ndipo nilipoelewa, na wewe msomaji naomba unisikilize vizuri. Mwenye mizani alikuja kununua alumini, lakini kama angeikata ile Land Rover, angeondoka pia na darasa. Sikio la nyundo, adabu ya hendeli, magogo manne, vyote mjomba alikuwa navyo kichwani, na hajaandika popote. Bila gari la kushika angesimulia nini? Tungemwambia, "Sawa mjomba," tukaendelea kuchezea simu. Vyuma vile ndivyo vilivyomfanya aongee, na sisi tukanyamaza.

LIKAWAKA

Wiki ya mwisho ya Mei, jioni, betri ya kuazima kwa jirani mwenye trekta. Binti ndiye aliyewasha. Mara ya kwanza hola. Mara ya pili likapiga chafya, moshi mweusi, kuku wakatawanyika. Mara ya tatu likashika, likanguruma kwa shida, likatulia. Mjomba hakushangilia. Aliinama akasikiliza, akasema tapeti moja inagonga, kesho tufungue. Halafu akaenda nyuma ya banda la mbuzi, akakaa huko muda mrefu. Hakuna aliyemfuata.

Jaribio la kweli lilikuwa barabara ya kupanda kuelekea milimani, ambako mama wa rafiki yangu ana shamba la migomba. Mvua zikiwa nyingi, pikipiki zinagoma, ndizi zinaiva zikaozea shambani au zinabebwa kichwani. Kwenye gia kuna vyuma vitatu: kirefu cha gia za kawaida, kimoja chenye kirungu cha njano na kingine chekundu. Penye tope, chekundu kinavutwa nyuma, magurudumu yote manne yanashika, na gari linatambaa taratibu kama kobe mwenye hasira. Tulirudi na mikungu imejaa mpaka juu, na bibi mmoja wa jirani na mguu wake unaouma, anakwenda zahanati. Alikaa mbele akashika dirisha kwa mikono miwili, akauliza kama hii ndiyo ile iliyomleta alipoolewa. Ndiyo hiyo.

Mwenye mizani alirudi Juni kama alivyoahidi. Alikuta boneti la kijani bado linanuka rangi, mbichi. Mjomba akampa kiti, akampa chai, akamwuliza kama ana spea yoyote ya Series kwenye lundo lake huko anakoweka. Anayo! Sasa ni marafiki.

UKITAKA KWENDA

Najua baada ya kusoma haya utamkumbuka babu fulani, mjomba fulani, na kitu fulani kimefunikwa turubai nyuma ya nyumba. Siyo lazima iwe Land Rover. Inaweza kuwa Bedford, cherehani ya Singer au redio ya mbao. Mwulize kabla mwenye mizani hajafika.

Kwa Ruaha yenyewe, nenda Juni au Julai, barabara kavu na miwa tamu. Panda basi la asubuhi ili uione Mikumi mchana. Ukifika, kaa jioni karibu na daraja uuone mto. Maji yale yameshapita mitambo ya Mtera na Kidatu, na bado yanateremka kwenda Rufiji kufanya kazi nyingine kwenye bwawa la Julius Nyerere. Kisha uliza mafundi wastaafu wanakaa wapi, utaonyeshwa baraza zaidi ya moja. Shikamoo kwanza, maswali baadaye. Beba daftari. Na raba nyeupe ziache nyumbani, zangu siku hizi ni za kijani.